Siku Mama Aliposimama Mbele ya Ukoo wa Baba

Jirani yangu hapa Mikumi hupepeta mchele uani asubuhi, na sauti ya ungo wake hunikuta bado kitandani: chwaa, chwaa, kimya kidogo anapochagua mawe, kisha tena chwaa. Vumbi la pumba hupenya dirishani na kuniwasha pua. Mwingine angefunga dirisha. Mimi hulala nikisikiliza, maana mama yangu alijifunza kuhutubia akiwa ameshika ungo.

Nilikuwa darasa la tatu, tukiishi Magomeni pale Kilosa mjini. Baba alikuwa amefariki na mama yuko eda. Watoto tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu Salumu, ambaye alikuwa hajaanza shule. Kwao mama, Kisanga, mtoto huhesabiwa wa upande wa mama. Kwao baba, ambao wazee wao walikuja Kilosa kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, mtoto ni wa baba, na baba akiondoka ni wa ndugu zake. Basi baba mkubwa, kaka yake baba, mwenye duka Dumila, akatuma ujumbe: eda ikiisha ukoo utakaa kikao, na watoto watahamia kwake.

Niwaambie ukweli, baba mkubwa hakuwa mtu mbaya. Alitununulia viatu vya sikukuu, na alimlilia baba mpaka akashikiliwa. Aliona kutuchukua ndiyo haki ya marehemu.

Mama hakuwa msemaji. Mbele ya watu alikuwa akishika ncha ya kanga na kuongea na sakafu. Kwa hiyo akaja mjomba Rajabu, mdogo wake, ambaye kule Kisanga watu walimtuma kwenda kuwaposea kwa sababu ya ulimi wake. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mama akipepeta, akamwambia aanze kusema atakavyowaambia wazee.

Mama akaanza. Alimsalimia kila mzee kwa jina, akaulizia wake zao, watoto wao, mazao yao, akawashukuru kwa nauli waliyotoa na jua lililowapiga njiani.

"Dada," mjomba akasema, "ukija kumaliza salamu hizo, Salumu atakuwa ameshaoa."

Tulicheka, hata mama. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu msiba. Salumu akapanda juu ya ndoo, mwiko mkononi, akahutubia kuku.

Lakini mjomba alikuwa hatanii. "Usianze na machozi pia. Wakikuhurumia watakuamulia. Anza na kitu unachokijua wewe, wao hawakijui. Na ukishasema unachotaka, funga mdomo. Watakaa kimya. Na wewe kaa kimya. Usiwasaidie."

Siku nyingi nilimsikia mama akinong'ona na ungo wake, sentensi moja kwa kila mrusho wa mchele.

Kikao kilikaa sebuleni kwetu, baada ya chai. Wazee wa upande wa baba walijaza mkeka, baba mkubwa katikati yao. Mjomba aliwekwa karibu na mlango, maana alikuwa mgeni kwenye shauri lao. Mimi na Salumu tuliketi kwenye kizingiti cha chumba cha ndani. Mama alisimama. Mikono aliificha ndani ya kanga.

"Shikamooni, baba zangu."

"Marahaba."

"Kabla sijaomba kitu, nina swali. Salumu hubanwa na kifua. Nani kati yenu anajua akibanwa anashikwaje?"

Mzee mmoja alimtazama Salumu kana kwamba ndiyo kwanza amwone. Mama akaeleza jinsi anavyomketisha mbele yake, mgongo wa mtoto kifuani mwake, wapumue pamoja mpaka kipite. Hakulia. Baba mkubwa alivua kofia akaiweka gotini.

"Ninaomba watoto wangu wote wawili wabaki na mimi," mama akasema.

Kimya kikaingia. Nje mtu alipita akiuza samaki, akaita, akaenda zake. Mjomba alimkazia mama macho, midomo yake imebana. Baba mkubwa akainua kichwa, akavuta pumzi ya kusema.

"Au angalau mniachie mmoja," mama akasema.

Baba mkubwa alirudisha kofia kichwani. "Hilo linazungumzika, mama Zuhura," alisema taratibu. Zuhura ni mimi.

Wazee walimchagua mtoto wa kiume, na Salumu aliondoka wiki ileile, kifurushi chake kwapani, akiwa na furaha ya kupanda basi. Alilelewa vizuri, alisoma, na hakuwahi kulala njaa. Lakini alipokuja likizo alibisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Alimwamkia mama, kisha akasubiri aambiwe aketi. Mama alikuwa akimwambia, "Keti, baba," halafu anaingia jikoni na kukawia huko.

Leo nafundisha Kiswahili sekondari, na hotuba ya kushawishi imo kwenye masomo yangu. Kufundisha mwanzo hunijia kwa urahisi. Tukifika kwenye mwisho, wanafunzi hunilalamikia kwamba naandika ubaoni polepole mno.

Miaka mingi baada ya kikao kile nilikwenda Dumila kumwona baba mkubwa, akiwa amelala, mgonjwa. Alinishika mkono akauliza kama mama yangu bado ana kinyongo. Nikasema hana.

"Siku ile alinishinda," akasema. "Nilishakata shauri niwaache wote wawili. Nilikuwa nafungua mdomo niseme hivyo. Akanitangulia."

"Kwa nini hukusema hata hivyo, baba?"

Aliuachia mkono wangu. "Wazee walishasikia. Ningeonekanaje?"

Utotoni nilijua tu kwamba mama alisimama, akaongea, mimi nikabaki. Sikujua kwamba alikuwa ameshashinda, wala kwamba mtu mwenye hofu ya kukosa vyote hawezi kuungoja ushindi wake ufike mlangoni. Mjomba alimfundisha maneno yote. Hofu ile hakuwa nayo yeye.

Mama yuko Kisanga, amezeeka. Sijamwambia. Mpaka leo huniita karibu, hunishika mkono, na kuwaambia wageni kwamba huyu alimpata kwa neno moja, dakika ya mwisho.