Upepo wa Kitale, Moshi wa Matulo

Mama mkubwa Nanyama alipima upepo Kitale kwa miaka kumi na tisa. Saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri alikuwa chini ya mlingoti wa kituo cha hali ya hewa, daftari mkononi, hata siku ya Krismasi. Nyumbani tulimtania kwamba ameolewa na upepo.

Kiwanda cha vigae kilipopangwa kujengwa kwetu Matulo, chini ya kilima, mtaalamu aitwaye Gathii aliletwa kukadiria moshi wake ungeangukia wapi. Aliingiza kwenye kompyuta urefu wa bomba, joto la moshi na upepo wa Kitale, kwa kuwa wa Matulo hakuna aliyewahi kuupima. Ikatoka ramani ya rangi. Boma letu lilikuwa kwenye sehemu nyeupe, yaani salama.

Mama yangu, Roselyne, alikuwa na pumu, na alishapanga kuhamia kwa mjomba, huko Kapsokwony. Mama mkubwa akaja na ramani ile, fahari imemjaa, akaitandaza mezani.

"Ona, hapa kwako ni peupe. Hii upepo nimepima mwenyewe. Moshi itaenda upande ya Bungoma. Sasa unahama ya nini?"

"Dada, kama ni wewe umesema, nitakaa," mama akajibu.

Akakaa. Kiwanda kikaanza kazi, na kwa miaka mitatu kifua kilizidi kumbana, hasa alfajiri. Nilipompigia mama mkubwa simu alisema ati ni moshi wa jikoni, ramani haidanganyi. Nilimkatia simu kwa hasira. Machi mwaka huu tukamzika mama.

Kwa sababu ya vipimo vyake, mama mkubwa hakuwahi kulala kwetu. Kila alipokuja alifika saa tano, saa saba akaondoka. Usiku wa mazishi ndipo alipolala. Kulipokucha nilimkuta amesimama uani. Hewa baridi ilikuwa ikiteremka kutoka kilimani, na moshi wa kiwanda, badala ya kupaa, ulikuwa umelala juu ya paa letu na migomba. Tulisimama humo tukikohoa. Kufikia saa tatu jua lilikuwa limeuondoa wote.

"Kumbe huku kuna upepo yake," akasema polepole. "Na ni mimi nilimwambia akae."

Nilitaka kumwambia si kosa lake. Lakini mama alikaa kwa neno lake, na mimi sikuweza kumwambia hivyo.