Shanta Langu Lilivyofichwa Kisarawe

Mlinicheka mliponiona, mtu wa umri wangu, nimevaa shanta mgongoni kama askari. Sasa nisikilizeni. Sikwenda Tanganyika kutembea, nilikwenda kuposa. Kondo, Mzaramo niliyekuwa naye vitani Burma, aliniambia ana dada mjane, Mwanaidi. Mimi niliyeanza kwa kuziba pancha kando ya barabara, na leo karakana yangu ya baiskeli inajulikana Mombasa nzima, nilijua sitanyimwa.

Dar es Salaam nilishuka melini, nikapanda vilima vya Pugu kwa miguu. Vijana wengi wangelala njiani. Mimi jua lilikuwa halijazama nilipoingia Kisarawe.

Kwa Wazaramo, mwenye neno juu ya mtoto wa kike ni mjomba wake. Nikampa mjomba Mwinyimvua shikamoo, nikamweleza karakana, nyumba ya mabati, mafundi walio chini yangu. Nilimweleza mpaka chai ikapoa.

"Baba yako mtu wa wapi?" akauliza.

"Mnyamwezi. Alifika pwani na misafara ya mizigo."

"Tumekusikia, mgeni," akasema, akaenda zake kuswali.

Alfajiri nilijiandaa kwenda Kibaha kupanda lori la Tanga, nirudi mikono mitupu. Shanta silioni. Mjomba yuko barazani, amevaa koti langu.

"Koti langu hilo, mjomba."

"Lilikuwa lako. Mwenyewe kafa jana kwa majivuno, na mimi mtani wake nimerithi. Shanta nalo nimelificha. Tuone kama Mnyamwezi bila mzigo anatembea au anapeperuka."

Nilinyanyuka nimvue. Lakini marehemu baba alinifunza kwamba sisi na Wazaramo ni watani, wenye ruhusa ya kufanyiana mizaha hata ya kuchukuliana mali, na anayemkasirikia mtani kajitoa mwenyewe katika watu. Nikameza hasira. Lori likaniacha.

"Umepata siku ya bure," Kondo akasema. "Twende ukaone nchi."

Yeye na binamu yake Shomari, mtu wa maneno mengi, walinipeleka kwenye mapango ya udongo mweupe, kuta kama unga, popo wamening'inia juu.

"Mombasa mnayo haya?" Shomari akauliza.

"Tunayo. Yetu yana taa za umeme."

"Basi popo wenu wanasoma magazeti."

Adhuhuri tulikaa kilimani tukila mihogo ya kuchoma. Bahari ilionekana mbali, na meli ndogo kama punje ya mpunga. Nilinyamaza kitambo kirefu, jambo ambalo Shomari alisema linastahili kutolewa sadaka.

Alasiri tuliporudi, mjomba bado yumo ndani ya koti. Nilimkamata jogoo wake mkubwa, nikamchinja pale pale kwa bismillahi.

Mjomba alimtazama jogoo. "Huyo ndiye aliyekuwa ananiamsha alfajiri."

"Kwani kuna maiti anayeamshwa na jogoo? Mmekufa wote wawili, wewe na yeye, na mimi mtani wenu nimerithi."

Alicheka mpaka akakohoa. "Jana alikuja mgeni na karakana yake," akamwambia Kondo. "Mgeni hatumpi mtoto. Huyu wa leo ni mtani, najua pa kumshika."

Mwanaidi akatoka jikoni kumchukua jogoo. "Mmeshaulizana na kuku," akasema, "mimi bado sijaulizwa." Akanigeukia. "Nitakuja Mombasa. Lakini kila msimu wa kulima nitarudi kwenye shamba la mama yangu. Ukilitaka hilo, sawa. Hulitaki, shanta lako liko darini."

Mafundi wangu hawathubutu kunipangia. Nikasema nalitaka.

Kesho yake, Kibaha, lori la Tanga liliposimama, Kondo alinisukuma nyuma ya turubai, shanta langu mgongoni. "Panda, shemeji, kabla hatujakuficha wewe mwenyewe."

Nilichojifunza ni hiki: sifa zangu zote, na ni nyingi, zilinifikisha barazani tu. Kilichonipa mke ni siku niliyovuliwa koti nikanyamaza. Hilo koti mjomba analo mpaka leo, na linamkaa vizuri kuliko lilivyonikaa mimi.