Jokébed na Baba wa Safi

Kavira Jokébed hakuomba kazi ya kulea watoto wa watu. Alizaliwa Kalunguta, akaolewa Butembo na fundi wa matofali, na mtoto wake wa kwanza akafa kwa homa kabla hajaota jino hata moja. Maziwa yalikuwa bado yanamjaa kifuani na kumuuma wakati mke wa pasta, Mama Rébecca, alipofika mlangoni na kitoto kilichoviringishwa katika blanketi.

"Mama yake alikufa jana akimuzaa," Mama Rébecca alisema. "Mupatie ziwa, kidogo tu."

Jokébed alimtazama yule mtoto kwa hasira, maana alikuwa mzima na wake alikuwa udongoni. Kisha akaketi, akamnyonyesha.

Nyumba ya watoto ya misheni ilianza hivyo, kwenye kilima kando ya barabara inayoshuka Beni. Wengi wa watoto wale walikuwa na baba, lakini baba hana ziwa, na bibi mzee hawezi kununua maziwa ya unga. Mtoto alikaa pale mpaka aweze kula bugali na maharage, ndipo ukoo ulikuja kumchukua na kuku wa shukrani. Kufikia mwaka wa uhuru Jokébed alikuwa mkubwa wa wanawake wa nyumba ile. Mumewe alikuwa amevuka kwenda Uganda kutafuta kazi, na hakurudi.

Miaka mitatu baada ya uhuru alikuja Julie, msichana wa Uswisi aliyejitolea kufanya kazi mwaka mmoja bila mshahara. Watu walimwita Mamzeli. Alikuwa mrefu, mwepesi wa kucheka, na mwanzoni alimchosha kila mtu. Aliwapa watoto maziwa kwa saa ya mkononi; mtoto akilia kabla ya saa, anaachwa alie.

"Mamzeli," Jokébed alimwambia siku moja, "tumbo ya mutoto haijue kusoma saa."

Julie alikasirika mpaka jioni. Kesho yake aliivua saa akaiweka kabatini. Akajifunza kuwasha makaa asubuhi na mapema, kuchemsha chupa za kunyonyea, kufua nepi kwa maji yanayokata vidole. Jua la Butembo halina haraka na ukungu haukaushi kitu, kwa hiyo nepi zilimaliziwa kwa pasi ya makaa. Julie alipiga pasi hizo nepi akiimba nyimbo za kwao. Akajifunza pia kumbeba mtoto mgongoni kwa kikwembe, na tangu siku hiyo kelele za nyumba zilipungua nusu. Mwaka wake ulipokwisha, aliomba kubaki.

Mwezi wa nane wa mwaka 1964, waasi waliojiita Simba, ambao walikuwa wameshika Stanleyville, waliingia Beni. Askari wa serikali walikimbia wakitupa kofia njiani. Habari zilipanda kilima pamoja na watu waliobeba magodoro: Simba wamelishwa dawa, risasi hugeuka maji mwilini mwao, wanatafuta makarani, waalimu na wazungu.

Wamisionari walipakia gari mbili ili wavukie Uganda kupitia Kasindi. Nafasi ya Julie ilikuwapo, na sanduku lake lilikuwa limekwisha kupandishwa. Pasta Phinées, mume wa Mama Rébecca, alimshika mkono. "Uende, mutoto. Sisi tutabakia na batoto."

Julie alilishusha sanduku mwenyewe. "Batatu bako na surua," alisema. "Siendi."

Watu waliokuwapo walilia kwa kumsifu, ila Jokébed. Gari zilipopotea kwenye kona, alimvuta Julie jikoni na kufunga mlango.

"Ulibakia juu ya nani?"

"Juu ya batoto, Mama."

"Batoto habakulilie weye. Banalilia maziwa, na maziwa tutatafuta kwa wenye ng'ombe. Lakini weye utatuletea mikuki. Bakikukuta hapa, batatuchoma sisi wote. Ulifikiri ile?"

Julie hakuwa ameifikiria. Alisimama pale, ameukamata mgongo wa kiti, na rangi ikamtoka usoni. Jokébed alimwonea huruma, lakini hakulifuta neno lake. Lilikuwa kweli, na gari zilikuwa zimekwenda.

Siku zilizofuata walifanya kazi masikio yakiwa barabarani. Maziwa ya unga yaliisha. Wakachanganya maziwa ya ng'ombe na maji ya uji. Mlango ukigongwa, Julie aliingia stoo ya blanketi na kukaa humo bila kukohoa. Watoto wawili walipona surua. Wa tatu alikufa, nao wakamzika nyuma ya nyumba bila kuimba, wasisikike.

Kisha akaja Nassoro, Mwislamu wa Beni aliyekuwa na kamyo la mizigo na ambaye zamani aliwaletea maziwa na sabuni. Simba walikuwa wamemlazimisha kuwabebea chakula. Alizungumza na Jokébed bila kuzima injini ya gari.

"Mama Jokébed, kule Beni banasema kuko mwanamuke muzungu kwa batoto. Kesho banapanda. Miye balinituma Kyavinyonge kuleta samaki, na niko na karatasi yao ya kupita. Nitapita hapa jua likitoka. Shemeji yangu Idi iko na mutumbwi. Atamuvusha ziwa mpaka Uganda. Lakini akuwe tayari. Sitangojea."

"Na bakikukamata naye?"

"Usiniulize ile," Nassoro alisema, akaondoka.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Julie alivaa gauni la Mama Rébecca na kitambaa cha kichwa. Mgongoni alimbeba Safi, mtoto wa kike aliyekuwa akiota meno na ambaye hakukubali kuwekwa chini tangu alfajiri. Walisikia gari. Julie alitoka uani haraka amkabidhi Jokébed mtoto, na hapo alisimama, kwa maana halikuwa kamyo la Nassoro. Ilikuwa kamyoneti imejaa vijana wenye majani kichwani, mikuki, na bunduki chache.

Mkubwa wao, kapiteni aliyevaa ngozi ya chui kifuani, alishuka akicheka. "Muzungu mwenyewe alikuja kutupokea. Apande!"

Hakuna aliyemshika. Jokébed aliliona hilo upesi, na akaelewa. Simba mwenye dawa hagusi mwanamke wala haguswi naye, ama dawa inakufa na risasi itampata. Vijana walimzunguka Julie, ncha za mikuki zikiwa karibu na mavazi yake, na mtoto akaanza kupiga kelele.

"Weye mama," kapiteni akamwambia Jokébed, "fungua mutoto ule, muzungu apande."

Nyuma ya wale vijana Jokébed alikuwa amemwona mtu mmoja asiyecheka. Alikuwa Zorobabel, mkata mbao wa karibu na kwao Kalunguta. Mwaka uliopita alipanda kilima kile akiwa amebeba kitoto kikavu kama kuni, mke wake akiwa amekufa siku ile ile. Kitoto hicho ndicho Safi.

"Sitafungua," Jokébed alisema. "Mutoto iko na baba. Baba iko hapa. Afungue yeye."

Kapiteni aliinua bunduki hadi usawa wa uso wake. "Ni nani baba?"

Zorobabel alimtazama mtoto, na ikawa wazi kwamba hakuwa amemtambua. Safi alikuwa amenenepa, mashavu yamejaa.

"Ni ule?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Ni Safi?"

"Ni yeye."

"Balituambia munauzisha batoto Ulaya."

"Muulize mutoto kama aliuzishwa," Jokébed akajibu. "Huyu unamuona ndiye alimupa maziwa. Weye ndiye unajua sasa ni nani kwako."

"Basi apande na mutoto!" kapiteni alipiga kelele.

Zorobabel akasogea mbele, akasimama kati ya mikuki na Julie, bila kumgusa. "Kapiteni, mutoto ya Simba haendi Beni kufungwa. Na ule mwanamuke alilisha damu yangu. Mbele ya vita, usinitie laana."

Vijana walinong'onezana. Kapiteni aliwatazama, akaona wamelegea. Kule mjini Butembo bunduki zilikwisha kuanza kulia, naye hakutaka kuingia vitani na watu wenye mashaka juu ya dawa yao.

"Sawa," alisema. "Ubakie umulinde. Nikirudi mchana, mutoto awe amefunguliwa. Asipokuwapo muzungu, wewe ndiye nitakata." Kisha akamwelekezea Jokébed kidole. "Na huyu."

Kamyoneti iliondoka. Hawajapata pumzi, kamyo la Nassoro likatokea katika ukungu. Nassoro alimwona Simba uani na mkuki wake, akaulalia usukani kwa kifua kama mtu anayetaka kujificha chini yake, lakini alikuwa amekwisha kufika.

Zorobabel alitazama kamyo, akatazama barabara. Wote walijua anachofikiria. Akipiga kelele, wenzake walikuwa bado karibu.

Julie ndiye aliyesema, kwa Kiswahili chake kilichovunjika. "Baba Safi, analia juu ya meno. Umupatie kitu baridi atafune. Na maharage, usimupe na maganda."

Zorobabel aliegemeza mkuki ukutani. Alikwenda nyuma ya Julie na kushika fundo la kikwembe, na vidole vyake vikamgusa Julie begani, waziwazi, mbele ya watu wote. Akamtoa mtoto. Safi alimpiga baba yake usoni kwa viganja, akilia, naye akamkumbatia hivyo hivyo.

"Sasa dawa yangu ilikufa," alisema. "Muende. Na miye ninaenda."

"Wasingya," Jokébed akamshukuru kwa Kinande, maana neno jingine halikumjia.

Julie alilala chini ya vikapu vitupu vya samaki. Hakukuwa na nafasi ya kuagana. Jokébed aliusukuma mguu wake ndani kama anavyosukuma mguu wa mtoto kitandani, akafunika turubai. Kamyo likashuka. Zorobabel akaingia shambani na mtoto wake, akishika njia ya milimani.

Jokébed angeweza kukimbia pia. Mama Rébecca alimsihi. Lakini watoto walikuwa wengi kuliko migongo, kwa hiyo aliwaita wanawake wa kilima na kuwagawia watoto mmoja mmoja, kila mama na chupa yake. Alikuwa akiwalisha wawili wa mwisho wakati kapiteni aliporudi.

"Muzungu iko wapi?"

"Alikwenda."

"Na Simba yangu?"

"Baba alikwenda na mutoto wake."

Hawakumgusa kwa mkono. Walimpiga kwa fimbo ndefu, wakisimama mbali, mpaka akaanguka juu ya vyungu. Wakachukua mbuzi, blanketi na vitanda vya chuma. Kapiteni alisimama muda juu ya wale watoto wawili waliokuwa wakilia sakafuni. Kisha akatoka. Jokébed hakujua kamwe kwa nini. Tangu kipigo kile sikio lake la kushoto halikusikia tena.

Wiki iliyofuata Nassoro alipita na samaki. Hakushuka. "Ile mufuko yako ilivuka," alisema tu, na Jokébed akaketi chini barabarani.

Kabla ya Noeli askari wa serikali walirudi, na sasa ikawa zamu ya wengine kujificha. Jirani aliyekuwa na ugomvi wa shamba na Zorobabel alimtaja. Wakamkamata, wakampeleka kambini Beni, ambako waliokuwa Simba walikuwa hawadumu.

Mama yake mzee alipanda kilima na Safi kumpa Jokébed habari. Jokébed alimwachia Mama Rébecca watoto waliokwisha kurudishwa, akafunga kitambaa, akashuka Beni kwa miguu, joto likizidi kadiri njia ilivyoteremka. Alisimama kwenye kizuizi cha kambi siku nzima. Kesho yake akasimama tena. Mwishowe ofisa mmoja alitoka, akamwuliza kwa Lingala anataka nini.

"Niko hapa juu ya Zorobabel, baba ya Safi."

Ilibidi ofisa arudie maswali, kwa kuwa alisimama upande wa sikio bovu. "Nani alikuharibu sikio?" aliuliza, safari hii kwa Kiswahili.

"Simba."

"Na unakuja kuombea Simba?"

"Balinipiga juu yule alikataa," Jokébed alisema. Akamweleza yote, tangu kamyoneti hadi vikapu, bila kumtaja Nassoro. Ofisa alisikiliza akikuna kidevu. Alimwambia akalete mtu wa kanisa. Pasta Phinées akaja, akaapa mbele yake. Bado walimfanyisha Zorobabel kazi ya kuchota maji na kuchimba vyoo hadi mvua za Pasaka, ndipo wakamsukuma nje ya geti, amekonda, bila viatu.

Jokébed alikuwa akimngoja. Walianza kupanda barabara ya Butembo, yeye mbele na Zorobabel nyuma.

"Anakula?" Zorobabel aliuliza hatimaye.

"Nani?"

Akahamia upande wa sikio zima. "Safi. Anakula?"

"Anakula sana. Jana alimaliza sahani ya mama yako, akalia juu ya ingine."

Zorobabel alisimama katikati ya barabara, akafunika uso kwa mikono. Jokébed alimngojea. Kamyo la mizigo lilipita likiwapigia honi, nao wakaingia pembeni kwenye majani, kisha wakaendelea kupanda.