Bati za Mkwe na Nyumba ya Kupe

Kisa hiki hamtakiamini, na wala msijisumbue kujaribu. Watu wa Susuni wakikisikia wanasema kimetungwa Nyarero, na watu wa Nyarero wanasema kimetungwa kilabuni. Lakini kilitokea, kabla mpaka wa Sirari haujafungwa, miaka ile tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa na nyumba zetu zikapangwa mstari kama wanafunzi wa gwaride. Mwenye kisa ni Stanslaus Waitara, kijana aliyezaliwa na akili zake timamu, kisha akaenda fungate.

Fungate! Nyarero hatukuwa tumeona mtu anaoa halafu anaondoka. Hapa ukioa, kesho yake bibi harusi yuko mtoni na bwana harusi yuko nyuma ya ng'ombe. Lakini Stanslaus alikuwa amefanya kibarua kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na huko akawasikia makarani wakisema kwamba mtu aliyestaarabika akioa lazima asafiri nchi za nje. Nchi ya nje aliyoijua yeye ilikuwa moja tu, ile inayoonekana ukipanda kichuguu.

Kabla hawajaondoka, baba wa bibi harusi, Mzee Nyangwine wa Susuni, alileta bati tatu mpya juu ya mkokoteni. Enzi hizo bati lilikuwa adimu kuliko sukari, na sukari yenyewe tulikuwa tumeanza kuisahau sura. Duka la ushirika lilikuwa na rafu na muuzaji, basi. Mzee aliuza dume la ng'ombe ili azipate. Akasimama mbele ya watu wote, akazigonga kwa fimbo yake.

"Mkwe, mavuno yakiisha nakuja," alisema. "Nizikute bati hizi juu ya kichwa cha binti yangu. Nisipozikuta, narudi naye Susuni, na mahari yako utaifuata ukiwa na miguu ya kukimbia."

Stanslaus akaitika, "Ndiyo, baba." Kuitika hakujawahi kumshinda.

Basi akamchukua mkewe Boke, sanduku la chuma na kuku wawili wa zawadi, wakapanda basi pale Sirari, wakapita Migori, wakapita Kisii huku Boke akitapika dirishani kwa heshima zote, wakafika Kisumu. Huko alikuwepo binamu yake Athanas, mpishi wa tajiri mmoja mwenye nyumba ya ghorofa. Athanas akawapa chumba cha watumishi, nyuma ya jiko. Kuku wakaliwa siku hiyo hiyo, na Athanas ndiye aliyekula mapaja.

Jioni ya pili mvua ikanyesha. Chumba kile kilivuja kama chujio la pombe. Maharusi wakahama kona hadi kona na kitanda chao, mwishowe wakasimama dirishani. Na hapo nje, hatua chache tu, wakaona nyumba ndogo ya mbao, yenye paa la bati, mlango wa duara, na jina limeandikwa juu ya mlango kwa rangi nyeupe. Ndani yake amelala mbwa wa tajiri, juu ya godoro, amekunja mikono.

"Boke," Stanslaus akasema, "unamwona yule?"

"Namwona. Amekauka."

"Mbwa halowi! Mimi bwana harusi, nimekuja kwa nauli yangu, nalowa!"

"Nenda ukapige hodi," Boke akamjibu, huku akikamua kitenge chake. "Labda ana nafasi."

Mtu mwingine angepata hasira. Stanslaus akapata wazo. Kesho yake alikwenda kuipima ile nyumba kwa mkono wa shati lake, mbwa akalipasua shati, lakini vipimo vikabaki kichwani.

Walirudi Nyarero, na tangu siku hiyo kijiji hakikupumua. Akipewa ugali, "Kule ng'ambo tulikula mkate." Akikutana na mtu kisimani, "Kule ng'ambo maji yako ukutani." Mama yake, Bernadetha, ambaye ndiye aliyekuwa anawalaza jikoni kwake kwa kuwa hawana nyumba, alivumilia wiki nzima, kisha akamwambia, "Kule ng'ambo mama yao anapikia watu wenye ndevu? Kama anapika, nenda ukale."

Stanslaus hakusikia. Alikuwa anakusanya mbao za masanduku ya sabuni. Alikuwa na mbwa wake, dume moja la rangi ya vumbi, lililoitwa Kupe kwa sababu ya wanyonyaji waliokuwa wakisemwa kwenye redio. Huyo Kupe alilala mlangoni mwa zizi tangu alipoachishwa kunyonya, hajaomba kitu. Sasa alikuwa anajengewa.

Mjomba wake Stanslaus, huyu huyu aliyeshika kalamu kuwaandikia kisa hiki, mtu wa darasa la nne na fundi anayejulikana mpaka Matongo, ndiye aliyemwonyesha kwamba nyundo hutazama msumari, haitazami kidole. Bawaba wakakata kwenye katambuga kuukuu za tairi. Boke naye akashona godoro kwa gunia la pamba, akalijaza majani makavu. Maana na yeye ile safari ilimwingia, msimwone vile. Ikabaki paa.

"Nyasi zipo," Boke akasema.

"Yule wa Kisumu alikuwa na nyasi?"

"Bati za baba hapana, Stanslaus."

"Tunaziazima tu. Mavuno yenyewe bado, na baba yako yuko Susuni."

Akazipigilia zote tatu nzima nzima, bila kukata, kwa sababu bati la kuazima halikatwi. Nyumba ikawa kama mtoto aliyevaa kofia ya babu yake. Juu ya mlango akaandika KUPE.

Wakamwita mwenye nyumba. Kupe akaja, akanusa kizingiti, akainua mguu, akakikojolea, akarudi zizini. Wakamwekea mfupa ndani. Akaingiza kichwa, akatoka na mfupa, akaenda kuulia mlangoni mwa zizi. Wakamsukuma. Akamng'ata mjenzi.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Heche, alikuja kukagua. "Mbona hii iko nje ya mstari?"

"Ni ya mbwa, mzee."

"Na wewe yako iko wapi?"

Stanslaus akamwonyesha miti minne iliyosimama shambani, mmoja umeshaanza kuchipua majani.

Siku zikakimbia. Ulezi ukavunwa, ukapurwa, ukaanza kunywewa. Ile miti ikaendelea kuchipua. Asubuhi moja Bernadetha akaingia jikoni mbio. "Mura, mwanangu, mkweo anashuka kilimani! Na amekuja na punda wa kubebea mizigo!"

Mizigo gani, kila mtu alielewa. Stanslaus akarukia bati, akavuta, akaning'inia. Wapi! Misumari ile ndiyo kazi pekee aliyowahi kuifanya ikashika. Mikono ikamtoka damu. "Boke, anakuchukua. Leo anakuchukua."

Boke akaweka mwiko chini. "Baba alisema azikute wapi?"

"Juu ya kichwa chako."

"Basi nyamaza." Akajifunga kanga kiunoni, akapiga magoti, akaingia katika nyumba ya Kupe kinyumenyume.

Mzee Nyangwine alifika, akasalimiwa, akakataa kiti. Akaitazama miti inayochipua. Kisha akaziona bati zake, akazisogelea polepole, akazigonga kwa fimbo.

"Shikamoo, tata," bati zikajibu.

Mzee akainama. "Marahaba. Unatafuta nini humo?"

"Sitafuti kitu. Niko chini ya bati zako, kama ulivyosema mbele ya watu."

Bernadetha akajifunika uso kwa kanga. Mzee, ambaye hakusoma, akanyoosha kidole juu ya mlango. "Mkwe, hapa pameandikwa nini?"

"Pame... Kupe, baba."

"Kupe ni nani?"

Kupe, aliyekataa kuja kwa mfupa na kwa kusukumwa, akasikia jina lake, akaja mbio akitikisa mkia.

Watu wote wakamgeukia Stanslaus. Hata punda alimgeukia.

"Toka, tunakwenda," Mzee akamwambia binti yake.

"Siendi. Mume wangu ni mjinga, tata, kila mtu anaona. Lakini alinipeleka mpaka Kisumu. Wewe, mama yangu umempeleka wapi?"

Mzee akachorachora ardhi kwa fimbo yake. Mkewe hakuwahi kuvuka mnada wa Susuni, na safari ile alikuwa amebeba debe kichwani.

"Haya," akasema hatimaye, akikwepa macho ya watu. "Binti yangu atabaki. Lakini dume langu sikuliuza ili mbwa akauke. Boke, toka. Mkwe, ingia wewe. Utalala humo mpaka nyumba ya binti yangu iezekwe, nami sitoki Nyarero mpaka nione."

Mkwe hajibishani na baba mkwe. Stanslaus akavua viatu, akaingia. Magoti yakabaki nje. Na Kupe, mnyama asiye na aibu, akaona sasa nyumba ina mtu wa kuegemea, akaingia naye, akalala juu ya tumbo lake.

Watu walikuja kumtazama kutoka vijiji vya mbali. Alilala mle miezi mitatu, nywele zikamwota masikioni, wakawa wanabweka, Kupe kwa Kikurya na yeye kwa Kiswahili cha Kisumu. Na siku moja akaja fisi mkubwa kama ndama, Stanslaus akatoka kwa miguu minne, akamrukia, akamshika kwa meno hapa shingoni, aka—

Hapo Stanslaus, aliyekuwa akisoma nyuma ya bega langu, akanikatiza, "Mjomba, weka hiyo kalamu chini. Wiki haikuisha, nyumba iliezekwa na Boke ni shahidi. Na fisi gani? Aliyekuja ni wewe, umetoka kilabuni, ukawa unaniambia nisogee ulale hu—"