Siku Tulipomlilia Bibi Ruthu

Hana akikwambia matembezi ni mepesi, muulize mepesi kwa nani. Namfahamu tangu nilipoolewa hapa Bahi nikitokea Kondoa milimani, nampenda kama ndugu wa tumbo moja, lakini kwa jambo hilo ni mwongo. Yeye kazaliwa ukingoni mwa mbuga hii ya majimaji. Kachunga ng'ombe wa baba yake humo, kapanda mpunga humo, kavua kambale kwa mikono tope likiwa kiunoni. Kwake mbuga ni uani. Kwangu mimi ni tope lisilo na chini, na nilipofika tu nilijiapiza kwamba mguu wangu hautakanyaga huko.

Kazi ya kutembeza watu aliianza baada ya serikali kuhamia Dodoma. Wakaja watu wa ofisini na vitambi vyao, wakaambiwa na madaktari watembee, wakachoka kuzunguka mitaa ya Kikuyu kila jioni na kufukuzwa na mbwa. Mmoja akafika huku kununua mpunga, Hana akamtembeza kidogo, yule bwana akaenda kuwaambia wenzake. Sasa kila Jumamosi tunao. Njia huanzia karibu na reli, inashuka kwenye majaruba ya mpunga, inapita juu ya matuta, inavuka korongo, inaingia kwenye nyasi ndefu mpaka kilima cha ng'ambo. Hapo kilimani misafara ya zamani iliyotoka pwani kwenda Tabora ilikuwa ikipumzika. Kisima chao kimefukiwa, ila mvua ikinyesha shanga zao hutokeza ardhini. Hana huwaonyesha wageni zile shanga, huwasimulia jinsi babu zake walivyowabana wenye misafara walipie maji, kisha huwarudisha kwangu wakiwa hoi kwa njaa. Mimi hupika wali na samaki. Ndivyo tunavyosaidiana.

Ulimi anao. Chakula kikichelewa huwaambia wageni mpishi ni Mrangi, bado anashuka mlima. Nami huwajibu wamshukuru Mungu wamerudi wote, maana wangekuwa ng'ombe Mgogo huyu angewaangalia vizuri zaidi. Wageni hucheka, sisi tunaendelea kupakua.

Lakini kuna jambo moja ambalo hatumtanii. Baba yake alifariki wakati Hana yuko ndani ya mbuga, kwenye kambi ya wavuvi. Hakukuwa na wa kumpelekea habari. Aliporudi na samaki wake kichwani alikuta kaburi limeshafukiwa na watu wanaondoka. Tangu hapo ana hofu mama yake naye atamfia akiwa mbugani. Mama mwenyewe, Bibi Ruthu, macho yamekwisha, miguu imekwisha, hushinda kwenye kigoda mlangoni anachambua mboga kwa kupapasa. Kila Jumamosi kabla ya kushuka Hana hupiga goti mbele yake.

"Mama, shikamoo. Usiende popote, narudi."

"Niende wapi na miguu hii?" Bibi Ruthu humjibu.

Mwaka mmoja mvua ilinyesha vizuri mwanzoni, watu wakapanda mpunga, halafu mbingu zikafunga. Januari yote jua. Majaruba yakapasuka, miche ikawa ya njano, wachungaji wakaomba kanisani na sisi tukaomba msikitini. Jumamosi moja Hana aliteremka na kikundi chake, akiwemo kijana mmoja anaitwa Jordan aliyevaa viatu vyeupe pe. Nikamwambia Hana amvue viatu hivyo, vife nyumbani kwa heshima. Siku hiyo hiyo Obedi, jirani yetu, alikuwa anamwoza binti yake Restuta. Hana akaniambia, "Nikisikia vigelegele nitajua wametoka kanisani. Nitawaharakisha hawa mpaka kilimani na kurudi, tuwahi pilau."

Maneno hayo nilikuja kuyakumbuka baadaye.

Nilikuwa ndio nimebandika wali kaka yangu Masudi aliponipigia kutoka Farkwa, juu huko mto unakotokea. "Huko kwenu yamefika?" akauliza. Nikamuuliza yapi. Akaniambia mvua kubwa ilipiga milima ya Kondoa, Mto Bubu ulipita kwao tangu jana unanguruma, umebeba magogo na mbuzi. Nikatazama juu. Mbingu za kwetu zilikuwa nyeupe, hata wingu la kufutia jasho hakuna. Ndivyo Bahi ilivyo. Watu hutazama mbingu zao, maji yanatoka kwa watu wengine.

Sijakata simu, vigelegele vikalipuka upande wa kaskazini. Havikuwa vya harusi. Mto umefika. Huku kwetu mto ukifika wakati mpunga unakufa hakuna anayeogopa. Wanawake hupiga vigelegele jaruba hadi jaruba, wanaume hukimbia na majembe kufungulia maji mashambani kwao, watoto hukimbia mbele ya maji wakiyaonyesha njia. Ni furaha tupu, na mtu wa hapa akiwa mbugani akisikia vigelegele hivyo anajua apande juu.

Isipokuwa Jumamosi ya harusi.

Nilipiga simu ya Hana. Haipatikani, mtandao unakata ukishapita majaruba. Nikapiga tena na tena kama mwendawazimu. Nikamwona Petro, shemeji yake Hana, anapita mbio na jembe begani, nikamshika shati. Nikamwambia Hana yuko kule, atadhani ni harusi, atavuka korongo kwenda ng'ambo.

"Dada Munira, Hana anaijua mbuga kuliko sisi sote," akasema, akajinasua, akaenda zake. Sikumlaumu wakati ule. Nimemlaumu baadaye, na sijamaliza.

Korongo likiwa kavu unalivuka bila kufikiri. Maji yakiingia, kule ng'ambo kunazingirwa na mbuga yote inajaa, na nyasi zile zinamfunika mtu mzima, humwoni. Nilisimama ukingoni nikaita jina lake mpaka koo likauma. Vigelegele vilimeza kila kitu. Nilitaka kuingia mwenyewe. Wallahi nilinyanyua mguu, nikaona lile tope jeusi, mguu ukarudi. Niliona aibu.

"Munira," Bibi Ruthu akaniita kutoka mlangoni. "Mwanangu yuko wapi?"

Sikuweza kumdanganya. Nikamweleza yote. Vidole vyake vikasimama kwenye mboga.

"Nililie," akasema.

"Nini, Mama?"

"Nililie mimi. Lia kwa jina langu. Wale wanawake wakisikia kilio wataacha vigelegele watakipokea, kitashuka hadi huko aliko. Akisikia ni mama yake, atarudi."

Ni kweli, ndiyo desturi. Mwanamke akisikia kilio cha msiba hulipokea lile jina palepale alipo, anaweka mikono kichwani, na aliye mbele yake hulipokea pia. Lakini kumlilia mtu aliye hai ni kumwitia mauti. Kwao ni mwiko, na kwetu Waislamu hata maiti tumeambiwa tusimpigie makelele. Nikamwambia, "Mama, siwezi. Mungu atanihukumu."

"Mimi ndiye ninayekufa, wewe unaogopa nini?" akasema. "Nishike mkono uniingize ndani. Marehemu hakai kwenye kigoda."

Nikamwingiza, nikamlaza, akajifunika kanga mwenyewe mpaka usoni. Nikatoka nje, nikaweka mikono kichwani. Sauti ya kwanza haikutoka. Kutoka mle ndani nikamsikia anasema, "Kwa nguvu, Munira."

Nikalia. Nilimlilia Bibi Ruthu kwa jina lake, na la baba yake. Machozi yalikuwa ya kweli, maana nilikuwa namwona Hana ndani ya maji. Jaruba la kwanza vigelegele vikakatika. Kisha mwanamke mmoja akapokea, uwii, Bibi Ruthu. Wa pili akapokea. Kilio kikashuka jaruba kwa jaruba kuelekea mbugani, na nyuma yake nikaanza kusikia mngurumo wa maji ukishuka njia ileile. Sijawahi kuogopa vile. Nilikuwa nasikiliza kipi kitatangulia.

Wanawake wakajaa uani wakilia. Wa kwanza aliyeingia ndani kumwaga machozi juu ya maiti alitoka mbio anapiga kelele, maana maiti ilimwambia asikanyage mboga. Hakuna aliyecheka. Nilipowaeleza, wengine walinitemea mate chini, wengine wakaja kusimama nami ukingoni.

Tuliona nyasi za kando ya tuta zinatikisika. Hana alitoka mbele, kilemba kimeanguka, tope hadi kifuani, anakimbia analia kama mtoto. Wageni wake walikuwa nyuma wameshikana mikono, Jordan hana viatu. Maji ya kahawia yalipita nyuma yao, yakalifunika lile tuta walilotoka, na korongo halikuonekana tena. Baadaye alituambia alikuwa ameshashusha mguu mmoja korongoni avuke kwenda ng'ambo, aliposikia jina la mama yake akageuka.

Hakunitazama. Alinipita, akaingia ndani, akamkuta mama yake amekaa kitandani.

"Umerudi," Bibi Ruthu akasema. "Nimechoka kufa."

Hana alimkumbatia, akatoka, akanipiga kofi. Halafu akaniangukia shingoni, tukalia wote wawili mpaka wali wangu ukaungua.

Baada ya hapo wazee waliitana. Wakakubaliana kwamba kwa kuwa vigelegele vinaweza kuwa vya harusi au vya mto, kuanzia sasa maji makubwa yakishuka na watu wako mbugani, kipigwe kilio cha Bibi Ruthu, na anayekisikia akimbilie sehemu ya juu iliyo karibu naye akae hapo. Bibi Ruthu mwenyewe aliridhia. Kila mtu alifurahi. Mimi pia nilifurahi, hadi kipupwe cha mwaka huu.

Bibi Ruthu alianza kukohoa mwezi wa sita. Jumamosi moja Hana alipiga goti, akamwomba mama yake asiende popote, akashuka na wageni. Nikabaki namnywesha uji. Akakiondoa kijiko mdomoni mwake.

"Munira, kilio changu nimeshakitumia," akasema. "Siku yangu ikifika mkinililia, Hana atapanda kilimani kwa misafara akae asubiri maji. Atakuja kukuta kaburi limefukiwa, kama la baba yake."

Nikaweka bakuli la uji chini. Nikamuuliza, "Sasa tufanyeje, Mama?"

"Mtu aende akamwite kwa miguu. Mtu anayeijua njia."

Petro atasema Hana anaijua mbuga. Wanaume wengine wako mashambani. Nilitazama kila upande nikitafuta mtu, na yule mama kipofu alikuwa amenigeuzia uso wake mimi.

Kwa hiyo siku hizi, wageni wa Jumamosi wakiona mpishi anatembea nyuma yao, kanga imefungwa kiunoni, anahema, anashika nyasi kwa mikono miwili, wasishangae. Wali naupika alfajiri nauacha jikoni. Najifunza tuta lipi linazunguka na lipi linakata, korongo linavukwa wapi, na kila hatua moyo unanidunda. Hana anadhani nimeamua kupunguza mwili. Ananigeukia kila mara anacheka, ananiambia, "Twende, Mrangi, matembezi mepesi haya."

Namjibu ndiyo, ni mepesi.