Mayai Mawili ya Kusomewa Barua

Juzi kwa maktaba ya Kitui, ambapo intaneti ni ya bure, msichana anayetufundisha kompyuta sisi wazee aliniuliza, "Susu," yaani nyanya kwa Kikamba, "nikusomee?" Mjukuu wangu Mwende, nesi kamili, alikuwa ameniandikia barua pepe kutoka Qatar.

"Toa mkono," nikamwambia. "Ulinifundisha ya nini?"

Hapo nikakumbuka duka moja la Mukuyuni nikiwa mtoto, lililonuka mafuta ya taa na magunia. Mama hakujua kusoma, kwa hivyo mwenye duka ndiye alitusomea barua ya baba kutoka Mombasa, kwa sauti kubwa, wateja wote wakisikia. Akasoma kwamba baba hatakuja Krismasi. Mama akatazama chini. Mimi nilidhani huyo mzee ndiye anaamua baba aseme nini, na ametunyima kwa sababu tulikuja mikono mitupu. Nikatoa mayai mawili kwa kikapu cha mama, nikayaweka kwa kaunta.

"Soma tena," nikasema. "Sasa soma vizuri."

Watu walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Mwenye duka aliangalia karatasi kwa muda mrefu, kisha akasoma, "Lakini nikipata ruhusa, nitakuja." Mayai akayarudisha kwa kikapu. Nilienda nyumbani nikiruka. Leo najua hayo maneno hayakuwa kwa barua.

Kwa maktaba nilisoma mwenyewe, kidole kwa kioo, pole pole, bila mtu kusikia. Mwende alisema hatakuja Krismasi.

Nikasoma tena, vizuri. Ilisema vile vile.