Vilimaina na difu ya kilima cha Navakaloa

Jumamosi asubuhi, mvua imenyesha usiku kucha na bado inadondoka. Chini ya pikapu kuukuu ya buluu iliyoegeshwa kando ya kanisa inaonekana miguu miwili tu, imevaa kandambili. Kina mama wa soko wamekaa barazani na vikapu vyao vya magimbi, wanasubiri.

"Tavale, umelala huko?" anauliza Kaminieli, mwenye gari. "Nikuletee mto?"

"Niletee akili zako nizitumie, maana wewe huzitumii!" inajibu sauti kutoka uvunguni.

Kina mama wanaangua kicheko. Kaminieli ni mtoto wa mjomba wa mwenye sauti hiyo, na huku kwetu kisiwani Vanua Levu, Fiji, watu wa namna hiyo huitana tavale. Ni watani tangu kuzaliwa, na matusi yao hayahesabiwi.

Mwenye miguu ni Vilimaina Rokotui, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, fundi magari pekee wa kijiji cha Navakaloa. Kazi alifundishwa na marehemu baba yake, aliyetengeneza matrekta kwenye mashamba ya miwa. Gereji hana. Gari hulitengenezea pale pale lilipozimikia, liwe juani au matopeni.

"Wiki nzuri naingiza dola themanini," anasema. "Wiki mbaya naingiza magimbi."

Lakini leo anatafuta kitu kikubwa kuliko ujira. Wazee wa ukoo wamemwahidi kipande cha ardhi kando ya barabara ajenge gereji, kwa sharti moja: pikapu ya Kaminieli ipande kilima siku ya mvua, ikiwa na mzigo, bila kusukumwa. Ikishindwa, kiwanja anapewa ndugu mwingine anayetaka kufungua duka.

Kilima hicho kila mtu hapa anakijua kwa magoti. Udongo wake mwekundu ukilowa, tairi moja ya nyuma huteleza, na difu ya zamani, gia za nyuma zinazogawa nguvu ya injini kwa tairi, ilikuwa na tabia ya kuipa hiyo hiyo nguvu zote huku mwenzake akibaki kutazama. Kina mama walikuwa wakishuka kusukuma, na kufika sokoni wamepakwa tope hadi kwenye kope.

"Wateja walikuwa hawajui gimbi ni lipi na mimi ni yupi," anasema Losalini, muuzaji mkongwe kuliko wenzake.

Dawa ya tatizo hilo Vilimaina aliikuta mjini Labasa, kwenye yadi ya magari mabovu: pikapu ya aina ile ile, uso umepondeka, lakini nyuma ina difu inayobana. Ndani yake mna visahani vya chuma vinavyozishika ekseli zote mbili, vyuma vinavyozungusha tairi, ili tairi zisukume pamoja. Kabla ya kuichukua alizungusha tairi kwa mkono na kuhesabu mizunguko ya propela shafti, chuma kirefu kiletacho nguvu kutoka kwenye injini, ahakikishe gia zinalingana na zile za Kaminieli.

Kisha akaingia kazini. Alimwaga oili, akachomoa ekseli, akafungua propela shafti, akaishusha difu ya zamani akiwa ameipakata kifuani, akaipandisha ile ya Labasa. Kaminieli alisaidia kwa kuimba.

Balaa lilianza na kichupa. Difu ya namna hii haitosheki na oili tupu. Huchanganyiwa dawa yake maalumu, la sivyo visahani hukwaruzana kila gari linapokata kona. Kichupa Vilimaina alikuwa nacho, tena kipya. Ndipo akapita baba yake mdogo, Isireli, mzee wa kanisa na mmoja wa wazee wanaoamua habari ya kiwanja.

"Mwanangu, kerekere, nipe hako kamafuta. Mlango wa kanisa unalia mpaka mchungaji hasikiki."

Kerekere ni ombi la ndugu kwa ndugu, na kulikataa ni aibu ya kukufuata hadi kaburini. Vilimaina akatoa kichupa, akajaza difu oili tupu.

"Nilijua haitatosha," anasema sasa, akicheka. "Lakini mdomo wangu haujui kumwambia baba hapana."

Siku ya jaribio la kwanza, kona ya kwanza tu, gari liliguna kama nguruwe aliyekanyagwa mkia. Wazee wakatazamana. Aliyetikisa kichwa kuliko wote alikuwa Isireli mwenyewe. "Mwanangu, kitu hiki kinakufa. Nani atampandisha mkewe humo?"

Vilimaina angemdaije mzee alichokwisha kumpa, tena mbele za watu? Wazee wakamwahirishia jaribio hadi Jumamosi hii, naye akarudi nyumbani akiwa na hasira na kila mtu, kuanzia yeye mwenyewe.

Jana ndipo alipopata njia. Alichukua fungu la mizizi ya yaqona, ile ya kutengenezea kinywaji cha heshima, akaenda kwa baba yake mdogo, akaketi chini karibu na mlango kama mila inavyotaka. "Baba, kerekere. Naomba kichupa kidogo cha mafuta ulicho nacho."

Mzee alikitazama kichupa dirishani, akamtazama Vilimaina, akakitazama tena. Kisha akacheka hadi akajifuta machozi. "Kumbe mgonjwa niliyekuwa nikimzika, dawa yake nimeinyang'anya mimi!"

Zaidi ya nusu ilikuwa imebaki.

Leo, dawa ikiwa imeshamiminwa ndani ya difu, Vilimaina anatoka uvunguni, anafuta mikono, anashika usukani mwenyewe. Kina mama wanapanda. Isireli anakataa kukaa mbele. "Nikifa, nife na magimbi," anasema.

Kona ya kwanza inapita kimya. Kilima kinaanza. Tairi ya kushoto inateleza, gari linayumba, Losalini ameshavua viatu tayari kushuka. Mara tairi ya kulia inauma udongo, zote mbili zinasukuma, na pikapu inapanda polepole, bila pupa, hadi kileleni.

Hakuna aliyeshuka. Losalini bado ana viatu mkononi, na analia.

"Shangazi, unalia nini tena?" anauliza Kaminieli.

"Sijui, mwanangu. Miaka yote hii sijawahi kukiona kilima hiki nikiwa nimekaa."

Isireli anagonga paa la gari kwa kiganja. "Vilimaina! Kiwanja ni chako. Twende, soko linafungwa!"

Vilimaina anafurahi waziwazi, meno yote nje. Mpango anao tayari, na hauanzii pale watu wanapodhani.

"Wananiambia nianze na paa. Sitaki! Naanza na sakafu ya saruji, kuta na paa vitafuata," anasema. "Miaka yangu yote nimelala kwenye tope la watu. Nataka niende kazini, nirudi nyumbani, binti yangu anikumbatie bila kunipeleka mtoni kuoga kwanza."